Sabuni yangu ya mawese inawawasha wateja, na shemeji anataka tukope tuongeze mzigo

Shikamoo dada,

Mi nipo Kigoma mjini, maeneo ya Mwanga, nina watoto wawili na mume wangu anafanya kazi kwenye boti huku ziwani kwahiyo kuna wakati hayupo nyumbani hata wiki nzima. Mwaka jana nilianza kupika sabuni za kuogea nyumbani, hizi za asili, kwa mawese na mafuta ya mise (ya kokwa ya mchikichi) maana huku kwetu ndo vitu ambavyo havikosekani, alafu naweka shubiri na majani mabichi ya mwarobaini nasaga kwenye blenda. Nilijifunza kwenye semina ya siku moja, tulikuwa wengi na mwalimu anaenda haraka, mwisho akatugawia karatasi yenye vipimo: mafuta vikombe vitano, kostiki (ile soda kali ya kupikia sabuni) kikombe kimoja kisijae, maji kikombe kimoja na nusu. Hiyo karatasi ndo naifata mpaka leo.

Mwanzo sabuni zilitoka vizuri sana dada, povu la kutosha, watu wa kanisani wakanunua wakarudi tena na wakaleta wenzao. Nikawa naweka stetasi WhatsApp zinaisha. Shida imeanza pale mise ilipopanda bei, nikaona niweke alizeti badala yake, vikombe vilevile. Tangu hapo sabuni inakuwa laini, juu inaota unga mweupe, na kuna vipande ukikata unakuta ndani vipunje vyeupe vigumu. Wateja wanasema inawawasha na inakausha ngozi. Jirani yangu kamuogeshea mtoto wake wa miaka miwili, mtoto akatoka wekundu shingoni na kwenye mapaja, usiku kucha analia. Alikuja kuniambia kwa upole tu, hakunigombeza, lakini tangu siku hiyo nikimuona naona aibu hata kumsalimia. Wenzangu wa semina nikiwauliza wananiambia sabuni ya asili lazima ianze kwa kutoa uchafu kwenye ngozi, mtu akizoea muwasho unaisha. Ni kweli? Alafu sufuria ninalokorogea limekuwa jeusi ndani na limeanza kutoboka, na kila nikimimina kostiki linachemka lenyewe.

Hesabu yangu iko hivi, mzigo mmoja unanila kama elfu 9 kwa mafuta, kostiki na karatasi za kufungia, napata vipande 15, nauza buku buku. Baada ya siku 3 nne zinakuwa zimeganda naanza kuuza, maana nisipouza sina hela ya kununua mafuta mengine.

Sasa shemeji yangu yupo Dar anauza vipodozi. Anasema nikibandika lebo ya "inang'arisha na kuondoa chunusi na madoa", na nikachanganya kidogo krimu fulani anayoijua yeye, kipande kitaenda mpaka buku tano. Anataka tukope milioni moja na nusu kwenye kikoba tununue mashine ya kukata na mihuri nimtumie mzigo kila mwezi. Mume wangu yuko upande wa kaka yake. Mi moyo unasita. Dada nifanyeje, niache kabisa hii biashara? Au kuna kitu naweza kuongeza isiwashe?

Mama Sabuni, Kigoma

—

Marahaba mdogo wangu,

Usiache. Ila simamisha mauzo leo hii, sio kesho, na vipande vyote vya tangu ulipoanza kuweka alizeti visitoke tena nyumbani kwako. Kwa wale ambao unajua walinunua, wapigie au watumie meseji warudishe, uwape hela yao. Najua inauma, lakini mteja uliyemrudishia buku yake kwa hiari yako atakuja kununua tena, aliyeungua akakaa kimya haji tena na anawaambia wengine.

Na kwa jirani yako nenda leo, usisubiri mkutane njiani. Muulize mtoto anaendeleaje, mwambie aache sabuni hiyo kabisa, amuogeshe maji safi peke yake kwa siku chache, na kama wekundu bado upo au ngozi imechubuka mpeleke mtoto kituo cha afya mkiwa wote wawili na nauli iwe yako. Mama aliyekuja kukwambia kwa upole ni mtu wa kumshukuru.

Hao wenzako wa semina wanaosema ngozi inatoa uchafu sio kweli hata kidogo. Ngozi haitoi uchafu kwa kuwasha. Ukiona sabuni inawasha watu kadhaa kwa wakati mmoja, na ndani ina vipunje vyeupe, basi kuna kostiki iliyobaki humo ambayo haikupata mafuta ya kuungana nayo. Na kwa maelezo yako naona kabisa ilipotokea.

Sikiliza hapa vizuri maana ndo penyewe. Sabuni ni mafuta na kostiki vimeungana vikawa kitu kingine kabisa. Kipimo kikiwa sahihi, mwisho wa siku kostiki hakuna tena, imeisha yote. Lakini kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Nyie Kigoma mnajua kuliko mimi kwamba tunda moja la mchikichi linatoa mafuta mawili, nyama ya nje mnakamua mawese, kokwa ya ndani mnatoa mise, na ukiyaweka kwenye sabuni kila moja lina tabia yake. Kilo moja ya mise inakula kama gramu 176 za kostiki. Kilo moja ya mawese inakula kama 142. Alizeti kama 135 tu. Nazi ndo inakula nyingi zaidi, kama 183, na nyonyo chache, 128. Sababu ni kwamba mise na nazi zimejaa asidi ya loriki ambayo molekuli zake ni fupi, kwahiyo kwenye kilo moja zinaingia nyingi zaidi na kila moja inadai kostiki yake. Ndo hizohizo zinazoleta lile povu kubwa ulilokuwa unasifiwa mwanzoni.

Sasa tuchukulie mzigo wa kilo moja ya mafuta, mawese gramu 600 na mise gramu 400. Mawese inadai 85, mise inadai 70, jumla kama 155. Watengenezaji wa sabuni ya kuogea huwa wanapunguza asilimia 5 makusudi, ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi na iwe nafasi ya usalama, kwahiyo unaweka 148. Hiyo ni sabuni nzuri. Ukitoa mise ukaweka alizeti gramu zilezile 400, mafuta sasa yanadai 139 tu kwa ujumla, lakini wewe bado umemimina 148. Gramu 9 za kostiki zimebaki hazina pa kwenda, na zile za usalama zote umeshazimaliza. Hizo ndo zimemchoma mtoto wa jirani. Ulaini nao umeletwa na alizeti, maana mise ndo iliyokuwa inakupa ugumu.

Na hapo nimechukulia umepima kwa gramu, na wewe unapima kwa kikombe. Kikombe cha kostiki ya vipande bapa sio sawa na kikombe cha kostiki ya punje ndogo, punje zinajaa zaidi. Kostiki iliyokaa kwenye kopo lisilofungwa vizuri inavuta unyevu hewani na kupoteza nguvu, kwahiyo leo kikombe kina nguvu, mwezi ujao hakina. Kikombe "kisijae" ni kiasi gani? Mwalimu wako alijua kwa jicho lake, wewe huna jicho lake. Karatasi hiyo weka pembeni, usiifate tena hata kama mzigo wa kwanza ulitoka vizuri, ule ulitoka vizuri kwa bahati.

Kwahiyo kitu cha kwanza kununua ni mzani wa kidijitali wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Unapima kila kitu humo, mafuta, kostiki, hata maji, hakuna cha lita wala kikombe (lita ya mafuta haifiki kilo, watu wengi wanakosea hapo). Kwa mfano wetu wa kilo moja ya mafuta maji ni gramu 300. Ukibadilisha mafuta hata kidogo, chukua gramu za kila mafuta zidisha na namba yake, gawa kwa elfu moja, jumlisha, toa asilimia 5. Kwenye simu pia kuna vikokotoo vya sabuni bure, unaingiza mafuta yako chenyewe kinakupa kostiki na maji, tumia hicho kuhakikisha hesabu yako. Mawese mabichi yakiwa mengi sana povu linaweza kuwa la njano na likaacha rangi kwenye taulo jeupe, jaribu kwenye kitambaa kabla ya kuuza, ukiona hivyo punguza mawese ila hesabu irudiwe upya.

Sufuria sasa, hapo umenitisha. Kostiki inakula alminiamu, ndo maana limekuwa jeusi na linatoboka, na huko kuchemka kwenyewe ni gesi ya haidrojeni inatoka, inashika moto, na wewe pengine una jiko la mkaa pembeni. Lakini pia alminiamu iliyoyeyuka inaingia kwenye sabuni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu ile yenye namba 5 chini kwenye alama ya pembetatu, au chuma cha pua kisicho na kutu, na mwiko wa plastiki. Vyombo hivyo visirudi jikoni kupikia. Kostiki mimina kidogokidogo kwenye maji, usimimine kamwe maji juu ya kostiki maana inaweza kuruka usoni, itapanda joto sana na kutoa mvuke kwahiyo fanyia nje au dirisha wazi, umevaa glovu, miwani na mikono mirefu. Watoto wasiwepo. Naandika hili nikiwa na wasiwasi wa kweli kwasababu kostiki iliyochanganywa na maji inaonekana ni maji tu, mtoto anakunywa. Usiiweke hata dakika moja kwenye chupa ya maji au ya soda. Ikimrukia mtu ngozini au machoni, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 na hospitali, usipake siki wala limao. Akiimeza usimtapishe, mpeleke hospitali hapohapo.

Majani mabichi ya mwarobaini na nyama ya shubiri pia acha kuyatia hivyo. Yanabadilika rangi, vipande vinaweza kuoza humo ndani au kuota ukungu. Ukitaka mwarobaini, kausha majani kivulini mpaka yavunjike mkononi, yaloweke kwenye mafuta kwa wiki kadhaa alafu chuja, hayo mafuta ndo upikie sabuni. Shubiri chuja upate maji yake peke yake, yahesabu ndani ya yale maji gramu 300.

Kuhusu siku 3 nne, hapo pia lazima tubadilike. Kostiki na mafuta vinamaliza kuungana ndani ya siku moja mpaka tatu, hilo ni kweli, lakini sabuni hapo bado ina maji mengi, ni laini, inayeyuka haraka bafuni na ni kali zaidi kwa ngozi. Iache kwenye rafu yenye hewa, vipande visigusane, wiki 4 mpaka 6, kipindi cha masika ndo usiwe na haraka kabisa. Ila usidhani kusubiri kutaponya sabuni iliyozidi kostiki kama hizo zako, hapana, hiyo itabaki kali. Kabla ya kuuza chukua kipande kila mzigo, lowanisha kidole, sugua kwenye sabuni, gusisha ncha ya ulimi. Ukihisi mshtuko kama umelamba betri, mzigo huo hautoki. Ukisikia ladha ya sabuni tu uko salama. Karatasi za kupimia pH (ukali wa sabuni) nazo zipo kwenye maduka ya maabara, sabuni ya kawaida iliyotengenezwa kwa mkono inasoma kati ya 9 na 10 na kidogo. Ule unga mweupe wa juu peke yake sio kitu, mara nyingi ni magadi tu yaliyotokea sabuni ilipokutana na hewa, unafuta na kitambaa chenye maji, cha kuogopa ni vile vipunje vya ndani.

Ulizonazo sasa usizitupe zote. Vaa glovu uzikune, ziyeyushe kwa maji kidogo moto mdogo, ongeza mafuta ukikoroga mpaka ulimi usishtuke tena, tumia kuoshea sakafu na kufulia matambara. Za kuogea sio tena, hata kama zimekuwa nzuri, kwasababu hujui ulianza na kiasi gani cha kostiki.

Najua unawaza wiki 4 utakula nini. Pika kidogo kila wiki badala ya kupika nyingi ukamaliza, ule mzigo wa kwanza ukifika wakati wake, kila wiki inayofata utakuwa na mwingine unakomaa. Mwezi wa kwanza ni mgumu, hapo ndo hela kidogo ya kikoba inaweza kukusaidia, ya mafuta na mzani, sio milioni na nusu.

Na bei yako angalia tena. Elfu 9 unatoa, elfu 15 unaingiza, unaona faida ni elfu 6, lakini hujaweka nauli, bando la stetasi, vipande vya ndugu na vya mkopo ambao haulipwi, na saa zako za kusimama na mwiko. Sabuni iliyokomaa wiki 5, ngumu, imeandikwa uzito na viungo vyake vyote kwenye karatasi, mteja wako wa kanisani atatoa buku na nusu mpaka buku mbili. Wajulishe mapema na uwaeleze kwanini, usiwashtukize.

Sasa shemeji. Hiyo krimu "anayoijua yeye" ni mkorogo, hakuna jina lingine, na usiiruhusu ikaribie sabuni yako. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, zinaharibu ngozi, na zebaki inaharibu figo, mama mjamzito anampitishia mtoto tumboni. Akikataa kukwambia jina na viungo vyake, umeshapata jibu. Na ukiandika kwenye lebo kwamba inatibu chunusi umetoka kwenye sabuni umeingia kwenye dawa, huko ni TMDA, mamlaka ya dawa, wanauliza maswali. Tangu 2019 vipodozi vyenyewe viko chini ya TBS, shirika la viwango. Wajasiriamali wadogo kama wewe wana njia yao, unaanzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa, ipo hapohapo Kigoma, wanakuja kuangalia unapofanyia kazi wanakupa barua ya utambulisho unaipeleka TBS wanachukua sampuli kupima. Mashine na mihuri kabla ya hapo ni kuweka mkokoteni mbele ya punda. Mzigo wa kutuma Dar ukiwa na alama ya ubora, maduka yenyewe yatakuuliza bei.

Mume wako usibishane naye mbele ya kaka yake. Akirudi kutoka ziwani akae, mpe kipande cha zamani na maji, mwambie anawe mikono yake mwenyewe, alafu muoneshe hesabu ya 148 na 139 kwenye karatasi. Ni mtu wa boti, mambo ya uzito kuzidi anayaelewa. Kwa shemeji mwambieni pamoja, kwa heshima: shemeji tunashukuru kwa wazo, mkopo huo wa milioni na nusu hatuchukui mwaka huu, tunasubiri TBS, na sabuni yetu haichanganywi na kitu. Akikasirika atakasirika, jina lililoko kwenye sabuni ni lako na sio lake.

Ukishapata mzani nitumie gramu za kila mafuta unayotaka kuweka kwenye mzigo wa kwanza, nitakupigia hesabu ya kostiki tulinganishe na yako kabla hujamimina.